Nani Atashika Ncha ya Pili

Mbugangari, Jumapili baada ya misa

Furaha, mwanangu,

Jana nilikuona ukirudisha sanduku juu ya kabati. Mama yako mukubwa alikuwa ametoka tu, na kikombe chake cha chai kilikuwa bado cha moto. Ulidhani nimelala kwenye kiti. Sikulala. Nilifumba macho kwa sababu nilijua nikiyafumbua utaniambia umeamua kubaki, na mimi kwa mdomo sijawahi kukushinda. Wewe na marehemu mama yako mmenishinda kwa maneno maisha yangu yote, kwa hiyo leo nimechukua kalamu. Wewe uko kwaya, unaagana na wenzako, au labda unawaambia kwamba huendi tena. Mimi niko karakana. Mashine nimeizima, meza ya kukatia nimeifuta, na karatasi nimeiweka pale pale tunapolaza profili, zile fito za alumini za madirisha.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda, lakini kwenye mashine, tangu tulipovuka kutoka Goma na kurudi upande huu, tumeongea Kiswahili cha mama yako. Na haya ni mambo ya mashine.

Nianze na neno lenyewe ili usilitafute chini ya karatasi. Kesho asubuhi utapanda gari la Kigali. Ile karakana kubwa ilikujaribu, ikaona unavyokata kona za dirisha, ikakuita. Huwezi kuwaambia watu wale kwamba huendi kwa sababu baba yako hana mtu wa kumshikia ncha ya pili.

Najua ndicho kilichokurudisha nyuma. Profili inakuja ndefu kuliko karakana yetu. Mtu mmoja anasimama kwenye msumeno, mwingine anasimama mbali, karibu na mlango, ameshika ile ncha nyingine ili isining'inie. Mama yako aliishika. Alipokufa ukaishika wewe. Na jana nilimsikia mama yako mukubwa Speciose akikuambia, taratibu, kama mtu anayepima chumvi:

"Papa yako atabaki na nani? Iyo mashine itamukata mukono siku moja, na we utakuwa Kigali, iko nakula chipsi."

Akaongeza kwamba mama yako angekuwa hai angekukataza kwenda. Hapo ndipo damu ilinipanda, nikakaza macho yasifunguke. Mengi yasemwe juu ya mama yako, lakini hilo hapana.

Sitakuandikia namna ya kupika, wala kufunga mlango, wala ni watu gani wa kuogopa kwenye gare ya mabasi. Hayo unayajua kuliko mimi. Nitakuandikia nilivyokosea, maana makosa yangu ndiyo shule niliyosoma mpaka mwisho. Ile nyingine niliiacha katikati.

Nilipoanza alumini nilikuwa fundi mbao. Nilijifunza kwa kukata mbao za Masisi, mbichi, zinazotoa maji, ambazo usipozisukuma kwa nguvu hazikuachii. Mtu wa mbao akija kwenye alumini anakuja na mabega yake. Ndilo kosa letu sisi tuliotoka kwenye randa. Ukiona fundi wa hapa Gisenyi anasukuma msumeno kama anasukuma gari lililokwama kwenye tope, ujue alianza na mbao. Nilifunga disiki yangu ile ile ya mbao, yenye meno machache na makubwa, nikailaza juu ya profili yangu ya kwanza kwa uzito wote wa mwili. Ililia mpaka Hamisi, mshonaji wetu wa jirani, akatoka nje na futi yake shingoni kuuliza tunachinja mbuzi gani siku ya Jumanne. Profili ilitoka imeng'atwa, ina ndevu kali pande zote. Alumini ilikuwa imelainika kwa joto na kujaa katikati ya meno, disiki ikabaki duara tupu kama sahani.

Mama yako akaitazama sahani ile, akanitazama mimi. "Bon," alisema. "Tutakulia chakula juu yake."

Hata nilipopata disiki ya kweli ya alumini, yenye meno mengi na madogo, alumini iliyolainika iliendelea kushika kwenye meno. Unakumbuka kibanda cha mama yako, hapo mbele tunapoweka vioo sasa? Alikuwa anauza sabuni, chumvi, mafuta ya kula na mishumaa. Karibu kila kitu cha kibanda kile kilipakwa kwenye disiki yangu ili isishike. Tulijaribu sabuni ya kipande: ikakata vizuri, lakini kesho yake meno yalikuwa na kutu. Tukajaribu mafuta ya kula. Hapo tulifurahi kweli. Msumeno ulipita kama kisu kwenye parachichi, na karakana nzima ikanukia biniye, yale maandazi ya kukaanga. Watoto wa njia yote wakaja kusimama mlangoni, vidole mdomoni. Mama yako akawatimua:

"Batoto, muende! Hapa hatupike biniye. Hapa tunakaanga madirisha!"

Mvua ya kwanza ikatufundisha. Silikoni, ile gundi ya kuzuia maji, haishiki mahali penye mafuta, na mimi sikuwa nimefuta. Maji yakaingia sebuleni kwa mteja, yakapita chini ya zulia. Nilikwenda kulitoa dirisha zima, nikalisafisha, nikalifunga upya, huku mwenye nyumba akinishikia ngazi bila kusema neno. Heri angenitukana. Tangu siku hiyo sijafunga profili bila kuifuta mara mbili, na wewe unajua, maana umeninunia mara nyingi kwa ajili ya ile ya pili.

Mshumaa ulikuwa wazo lake. Alichukua kipande kilichobaki usiku wa kukatika umeme, akasubiri nichomoe waya wa mashine, akapitisha nta kwenye meno ya disiki, kidogo tu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta usoni kabla ya kanisa. "Sasa wacha mabega nje," akaniambia. "Ishushe kama unashusha mutoto kwenye kitanda." Nikaishusha hivyo. Sauti ilibadilika. Haikulia tena, iliimba. Mahali palipokatwa paling'aa, na mama yako akagusa pale kwa kidole, halafu akagusa kwa shavu. Shavu lake, Furaha, kwenye alumini ya dirisha la mtu ambaye hatukumjua. Hiyo ndiyo picha yake niliyo nayo. Ile ya kwenye fremu, ya harusi, anaonekana ana hasira na kamera.

Kosa langu lingine lilikuwa kwenye ncha ya pili, na hili nataka ulisome polepole.

Zamani, kila nilipokata, nilikuwa nampigia mama yako kelele: "Inua! Inua kidogo!" Niliona ncha ya mbali inalegea, nikafikiri kuinua ni kusaidia. Naye akawa anainua. Siku moja msumeno ulipokuwa katikati ya profili, aliinua kama nilivyomwambia, mkato ukajifunga juu na kuibana disiki. Profili ikaruka. Ilimponyoka mikononi, ikapita juu ya meza, ikaipiga redio iliyokuwa rafuni ikitangaza misa. Redio ikadondoka, padri akakatika katikati ya sala. Tulisimama wote wawili tukihesabu vidole vyetu. Halafu mama yako akaiokota ile redio, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Bon," akasema. "Sasa umeua padri."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini baada ya kucheka alikataa kuishika tena mpaka nimsikilize. "Mi siinue tena," alisema. "Iko inataka kuanguka, mi nakataa ianguke. Basi. Iko sawa na meza, haiko juu ya meza." Na kweli, ndivyo kazi ile ilivyo. Anayeshika ncha ya pili habebi. Anaiweka usawa mmoja na meza, halafu anaiacha ikatwe.

Wewe hukuwahi kufundishwa hilo. Ulilijua siku ya kwanza, na siku ya kwanza yenyewe ndiyo ile ambayo mama yako mukubwa hajanisamehe mpaka leo.

Ilikuwa wiki ya kilio. Mama yako tulikuwa tumemzika, na kilio kilikuwa hakijaondolewa. Viti vya parokia vilijaa uani, wanawake wamekaa kwenye mikeka ndani, wewe katikati yao umevaa bado sare ya shule kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukubadilisha. Desturi unaijua: watu wa msiba hawashiki kazi, jembe halitoki, mashine hazilii. Lakini kabla ya kupelekwa hospitali mama yako alikuwa amempa ahadi mwalimu mmoja wa Nengo. Mwalimu yule alikuwa amejifungua, na chumba alicholala na mtoto kilikuwa na tundu la dirisha lililozibwa kwa sheeting ya plastiki. Mvua za wiki ile unazikumbuka, zilitoka upande wa volkano na upepo wake. Jambo la mwisho mama yako aliloniambia la kazi, akiwa tayari amelala, lilikuwa: "Dirisha ya mwalimu. Usiwache iyi wiki ipite."

Siku ya pili ya kilio mvua ilipiga tangu asubuhi. Nilikaa kwenye kiti changu cha mfiwa na sikusikia hata sala moja. Nilisikia plastiki ya Nengo ikipigapiga. Nikasimama. Nilihitaji mshumaa kwa ajili ya disiki, na kibandani haukubaki hata mmoja, yote ilikuwa imewashwa kwa ajili yake. Nikaingia ndani, nikachukua ule uliokuwa karibu na picha yake, nikauzima kwa vidole.

Mama yako mukubwa akaniona.

"Baba Furaha, iyo buji unapeleka wapi?"

"Kwenye mashine."

"Buji ya maiti?"

"Buji ya mke wangu. Alikuwa anaziuza."

"Udongo bado haiyakauka juu yake, na we unataka kulisha mashine! Batu banasema nini? Iyo kelele itamusumbua kule iko."

Nikamwambia neno ambalo watu walilibeba mpaka sokoni: "Dada, amelala na kelele hii miaka yote ya ndoa. Ikinyamaza ndiyo ataamka kuuliza kuna nini."

Nikatoka. Nilifungua mlango wa karakana, nikalaza profili, nikaifunga kwenye jiriwa, nikapaka meno ile nta. Kisha nikatazama ncha ya mbali. Ilikuwa inaning'inia hewani, inatikisika. Nilikuwa sijafikiria hilo. Nilikuwa nimewapinga watu wote wale, na sasa nilisimama na msumeno mkononi kama mjinga, kwa sababu sikuwa na mikono ya kutosha.

Ndipo ulipoingia. Ulikuwa umevua sweta ya shule na kujifunga kiunoni kile kipande cha kitenge cha mama yako, kile alichokuwa anashikia ili ndevu za alumini zisimkate. Ukaenda mpaka mlangoni, mvua inakupiga mgongoni, ukaishika ncha. Hukuinua. Uliiweka usawa na meza na ukanitazama. Ndani wanawake waliacha kuimba. Nikawasha, nikaacha disiki ishike kasi yake yote, nikaishusha kama mtu anayemlaza mtoto.

Sijawahi kukata tena hivyo. Kona zote za dirisha lile zilikutana bila hata ukucha kupita kati yake. Tulilifunga siku hiyo hiyo, na mwalimu yule aliponiuliza kwa nini nimekuja na nguo za msiba nilimwambia ukweli, akalia, na mtoto akalia, na wewe ukasema, "Papa, silikoni inakauka." Nikajua nimebaki na fundi.

Watu walisema. Walisema sikumpenda, walisema napenda mashine kuliko mtu. Mama yako mukubwa hakunisalimia mpaka mvua zikaisha. Mimi sikuomba msamaha wakati ule na siombi leo. Kama kesho ningekuwa tena kwenye kiti kile, ningeuzima mshumaa ule ule kwa vidole vile vile. Alikuwa ametoa neno lake kwa mtu, na neno lake halikuingia kaburini naye. Hicho ndicho kilio nilichomfanyia. Mengine yalikuwa viti na chai.

Nakuambia haya ili ujue kwamba kuitwa mkaidi hakuui. Kunakera miezi michache, halafu watu wale wale wanakuja kuagiza madirisha.

Unamkumbuka yule mzee wa Busasamana aliyekuja kutafuta mlango wa duka lake? Mimi nilikuwa nyuma nachanganya sementi, nikasikia kila kitu.

"Binti, niitie mufundi."

"Mufundi ni mimi."

"We? Na iyo mikono?"

"Papa, hesabu vidole. Biko kumi. Sasa nenda uhesabu bya ule mufundi wako wa zamani."

Nilishika koleo nikacheka bila sauti mpaka machozi. Mzee yule aliagiza mlango, na mwezi uliofuata akaleta shemeji yake. Kigali watakuwepo wengi kama yeye, na hawatakuwa wazee wenye aibu. Watakupa kitambaa ufute vioo kwa sababu wewe ni msichana. Futa siku ile. Kesho yake nenda usimame kwenye msumeno mpaka mtu aone haya kukutoa. Wana mashine zinazobana profili zenyewe kwa hewa na kuinyunyizia disiki maji yake maalumu. Zijifunze. Usitoe mshumaa mfukoni mbele yao kwa kunikumbuka mimi. Mashine yao haiuhitaji, na mimi sitaki kukumbukwa kwa nta. Lakini siku kazi ikiwabana na mkubwa mmoja akakuambia ukate kipande kifupi kwa kukishika na mkono, bila kukibana, kataa. Wakisema utaondoka, ondoka na vidole vyako. Mlango wa hapa unaujua.

Sasa nirudi kwa jambo la jana, maana nimezunguka.

Tangu mama yako aondoke, Furaha, umekuwa unainua. Kwenye profili hapana, huko hujawahi kukosea. Unaniinua mimi. Unaamka kabla yangu ili nisiwashe moto. Unajibu wateja kabla sijafungua mdomo. Ukisikia nimekohoa unazima mashine. Wakija kuniuliza habari yangu, unasema "Papa iko bien" hata kabla sijajua mwenyewe kama niko bien. Nilikuacha kwa sababu ilinipendeza, sitakudanganya. Lakini mimi siyo mzigo uliobaki baada ya mama yako. Mimi ni mtu mzima, nina afya na nina kazi, na sitaki binti yangu abanwe hapa katikati kwa sababu yangu.

Kuhusu ncha ya pili, tazama nilichofanya wiki hii ulipokuwa unakwenda kuaga shule na parokia. Kile kitu kilichofunikwa gunia nyuma ya vioo, ulichouliza nikakuambia ni cha mteja, siyo cha mteja. Ni stendi. Nimeichomelea kwa vyuma vya pembe vya lile geti la zamani. Juu nimeweka bomba linalozunguka ili profili isogee bila kukwaruzika, na bomba nimelivika mpira wa ndala zangu. Zile ulizosema nizitupe.

Mara ya kwanza haikufaa. Nilipima urefu wake bila kukumbuka kwamba sakafu yetu imezama pale mlangoni. Stendi ikawa chini kuliko meza, ncha ikalegea, na mkato ukachanika mwishoni. Nilitupa koleo. Nilikaa chini pale na, nikuambie ukweli, nilisema kumbe Speciose ana haki. Nilikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Halafu nikasema hapana, mwenye haki siyo Speciose, mbovu ni sakafu. Nikaweka kipande cha mbao chini ya miguu ya stendi, nikapima kwa kamba kutoka meza mpaka bomba, nikalaza profili nyingine, nikaibana, nikarudi kwenye msumeno peke yangu. Nikaishusha.

Nilimwita Hamisi aje aone. Alivaa miwani yake ya kushonea, akapitisha kidole, akarudia tena.

"Safi," akasema. "Hata mkono wa Furaha haujatoa hivi."

"Usiseme hivyo akiwa hapa."

Akaizunguka stendi ile na kuipiga teke kidogo kama mtu anayenunua ng'ombe. "Baba Furaha, kwa hiyo sasa umeoa chuma."

"Angalau hakinuni nikichelewa."

"Na hakipiki pia."

"Kupika najua."

"Wewe? Ule ugali wako niliula siku za msiba, nikasema kumbe katika nyumba hii watafuata wengi."

Basi, nina jirani wa kunitukana kila siku na chuma cha kunishikia ncha. Haitakuwa sawa na wewe. Chuma hakisemi "Papa, silikoni inakauka." Sijasema itakuwa sawa. Nimesema inakata safi, na mkato umelala hapa karibu na karatasi hii. Ukirudi kutoka kwaya uushike mwenyewe, upitishe ukucha, utafute kosa. Ukilipata, baki. Hulipati.

Na lile la kwamba mama yako angekukataza. Mama yako alikulia Goma na ndugu waliomwambia mwanamke hasimami kwenye karakana. Alisimama. Alinishikia ncha akiwa na mimba yako, tumbo limetangulia mbele, na kila nilipomwambia akapumzike alijibu, "Uyu mutoto azoee kelele." Mtu huyo akukataze wewe kwenda kwenye mashine kubwa zaidi? Speciose alimpenda dada yake, silikatai, na anakupenda wewe. Anaogopa kubaki na mimi peke yake kama ndugu, kila mmoja akikumbuka kilio kile kwa namna yake. Nitakwenda kumsalimia Jumapili zote, nitakula chakula chake na nitakubali kila anachosema juu ya kanisa, juu ya wanasiasa, juu ya bei ya viazi. Juu yako sitakubali. Leo asubuhi nje ya kanisa nimemwambia hivyo, mbele ya wanakwaya wenzako, kwa hiyo usishangae wakikutazama. Aliniuliza, "We Baba Furaha, unafukuza mutoto?" Nikamwambia ndiyo. Namfukuza. Waandike wakitaka.

Kesho sitakusindikiza mpaka gare. Watasema baba gani huyu. Tayari wamesema zaidi ya hilo na bado niko hapa. Nina kazi ya mteja, profili ndefu, zinataka kukatwa kabla umeme haujapungua, na nataka nizikate saa ile ile utakapokuwa unaondoka. Nataka majirani wote wasikie, na Speciose asikie akiwa njiani anakuja kukubembeleza ubaki. Tuagane nyumbani, ndani, kwa mikono miwili. Halafu wewe upande moto yako, ile pikipiki ya kukufikisha gare, uende na mimi nifungue mlango wa karakana.

Utanisikia mpaka mkunjo wa barabara. Ukisikia mashine imenyamaza ghafla, usimwambie wa moto arudi. Ni mimi nabadilisha disiki.

Baba yako